Ng'ombe Ameogeshwa, Mchungaji Je?

Siku ya kuogesha mifugo, kijiji huamka kabla ya jua. Ng'ombe huingizwa mmoja mmoja kwenye ujia mwembamba wa magogo. Wa mbele akifika ukingoni husita, hunusa maji, hupigwa kofi la mgongoni, kisha hutumbukia mzima mzima kwenye dawa. Huzama mpaka pembe, huibuka akipuliza pua, akapanda upande wa pili huku akichuruzika. Dawa inayomdondoka hutiririka sakafuni na kurudi birikani, kwa kuwa ni ghali na hakuna anayetaka hata kikombe kimoja kipotee.

Asubuhi moja ya namna hiyo, wilayani Mpwapwa, nilikaa juu ya ukuta wa josho na kijana wa miaka 12 hivi aliyewaleta ng'ombe wa shangazi yake. Kazi yake alikuwa ameifanya vizuri: amewahesabu, amewapanga, amemrudisha ndama mmoja aliyechepuka. Akapandisha shati akajikuna. Kiunoni, pale mkanda wa kaptula unapobana, walikuwa wamejikita kupe watatu. Akamshika mmoja kwa kucha, akamnyofoa, akamweka juu ya jiwe na kumminya kwa kidole gumba mpaka akapasuka. Damu ikaingia chini ya ukucha. Akaifuta kwenye kaptula, akatoa kipande cha muhogo mfukoni, akaanza kula.

Shangazi yake alipofika nilimpa shikamoo, akaitikia, tukazungumza habari za mvua na bei ya dawa. Kisha nikamwonyesha kiuno cha mtoto.

"Hao? Hao atawatoa mwenyewe," alisema. "Ng'ombe akipata ndigana nitauza nini, mwanangu? Kupe wa mtu hatujawahi kuwapigia mbiu."

Sikumlaumu, na simlaumu mpaka leo. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, imewafilisi wafugaji wengi, na mama yule alikuwa anahesabu kama anavyohesabu kila mwenye mifugo. Ndama wake alikuwa na hereni sikioni, alama kwamba amechanjwa. Chanjo hiyo ilitokana na kazi iliyofanyika Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970, na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo ng'ombe ana josho, ana chanjo, na akidhoofika kuna bwana mifugo wa kuitwa. Mtoto anayeshinda kutwa nyuma ya ng'ombe huyo, kwenye nyasi zile zile, hana chanjo ya homa za kupe anayoweza kuchomwa zahanati. Mara nyingi hana hata mtu wa kumkagua jioni. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake.

Lugha yetu inamfahamu kupe. Mtu asiyeachia tunasema ameng'ang'ania kama kupe, na enzi za Ujamaa neno hilo lilipanda majukwaani: mnyonyaji aliitwa kupe, na kila mtoto wa shule alielewa kinachosemwa. Mfano ule ulikuwa wa kweli kuliko wengi walivyofikiri. Mbu huuma akaondoka. Kupe akishapata mahali pake hukaa siku nyingi, akinywa polepole, na mwenye damu hana habari.

Namna anavyofanya hivyo inafaa kueleweka, kwa sababu hapo ndipo zinapotoka kanuni zote za kumzuia na kumtoa. Kupe ni jamaa wa buibui na nge. Akianguliwa ana miguu sita na ukubwa wa punje ya mchanga. Akishapata mlo wa kwanza wa damu hujivua ngozi na kutokea na miguu minane. Kupe wa kahawia anayependa masikio ya ng'ombe, yule anayeleta ndigana kali, hupanda juu ya wanyama watatu katika maisha yake: mmoja utotoni, mmoja ujanani, mmoja utu uzimani. Kila akishiba hudondoka chini na kumsubiri mwingine. Jike akishakunywa damu ya mwisho hutaga mayai kwa maelfu, akafa. Ndiyo maana josho likifanya kazi vizuri namna gani, majanini kupe bado wapo, na anayepita majanini kwa miguu mitupu ni mtoto.

Kupe haruki, na hadondoki kutoka kwenye matawi kama wengi wanavyoamini. Hupanda jani la nyasi, hujishikiza kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele hewani kama mtoto anayetaka kubebwa. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana kiungo cha kunusia, na kwa hicho huipata pumzi ya mnyama anayekuja. Ukipita ukamgusa, umekwisha kumbeba. Wengine hawana subira hiyo. Wale wakubwa wenye madoa ya rangi mgongoni, wanaoganda kwenye kiwele cha ng'ombe, hukufuata kwa miguu yao. Nimewahi kukaa chini ya mgunga ambapo mifugo hupumzika mchana, nikawaona wakitoka kwenye majani makavu, wanne, watano, wakinijia kutoka pande zote. Kivuli kile kizuri ambacho mchungaji huegemea mti akala chakula chake, ndicho mahali pabaya kuliko pote malishoni.

Akifika kwenye ngozi hatoboi papo hapo. Hutembea, akitafuta mahali laini, penye joto, palipobanwa: kwapani, nyuma ya goti, kinenani, kitovuni, nyuma ya sikio, kwenye nywele. Kisha huingiza mdomo. Mdomo huo una kijiti chenye meno yaliyoelekea nyuma, kama chembe cha mshale. Huingia kwa urahisi na hutoka kwa shida. Aina nyingi huongeza na gundi inayokauka kama saruji kuzunguka tundu. Mate yake huzuia damu isigande na hutuliza ngozi usisikie maumivu. Ndani ya mate hayo ndimo vimelea vya magonjwa husafiri, na baadhi yake huhitaji muda. Kimelea cha ndigana kali, kwa mfano, hukomaa baada ya kupe kunyonya siku kadhaa. Anayemkuta kupe jioni ile ile na anayemkuta siku ya nne wamemkuta kupe mmoja, lakini hatari waliyopitia haifanani.

Papasi ni habari nyingine, na ni lazima atengwe na kupe wa majanini, kwani anayewachanganya atamtafuta adui mahali asipokuwepo. Papasi haishi mwilini. Anaishi nyumbani: kwenye nyufa za kuta za udongo, kwenye vumbi la sakafu, chini ya miguu ya kitanda. Ngozi yake imekunjamana, ina rangi ya kijivu na kahawia, na mchana ukimwona utadhani ni bonge la udongo. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda wa kama nusu saa, kisha hurudi ufani kabla aliyelala hajageuka upande wa pili. Asubuhi utaona alama inayowasha, pengine na tone la damu kwenye shuka, na mwenye kosa haonekani. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Nyumba iliyohamwa miaka miwili iliyopita, ukiingia na mkeka wako ukalala, huenda kuna wanaokusubiri.

Ugonjwa anaouleta, homa ya papasi, una historia iliyopita katika ardhi yetu. Mwaka 1905 Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa ameshagundua kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa katika koloni lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwachunguza papasi wa njia za misafara, mahali ambapo wapagazi walilala usiku mmoja mmoja wakaendelea na safari. Alionyesha kwamba vimelea hupita kutoka kwa papasi jike mpaka kwenye mayai yake, maana yake papasi anaweza kuanguliwa akiwa tayari na ugonjwa. Wakati huo huo nchini Kongo, Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd, kutoka chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool, walikuwa wanathibitisha kwamba papasi ndiye anayeambukiza. Wote wawili waliugua homa waliyokuwa wanaichunguza. Todd alipona. Dutton alifariki Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30, na kimelea kile kina jina lake mpaka leo.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na homa ya papasi bado imo vijijini mwetu, hasa katika maeneo ya nyumba za tembe kama Dodoma. Tembe ina sifa zake, na sitaidharau: ni baridi jua likiwaka, ni ya gharama nafuu, na imejengwa na wenye ujuzi. Tatizo ni udongo unapokauka na kupasuka. Huku methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ina maana nzito zaidi, kwa sababu homa hii huwaandama kuliko wote wajawazito na watoto wachanga. Huharibu mimba, huzalisha watoto kabla ya wakati wao, na mtoto mchanga akiipata anaweza kufa katika siku chache. Mama anayekandika ukuta wake upya kabla ya kujifungua anamkinga mtoto kwa mikono yake.

Basi zibeni nyufa, na pale uwezo unaporuhusu wekeni sakafu ya saruji, ambayo papasi hawezi kujichimbia. Kitanda kisiguse ukuta. Chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, humzuia papasi kama kinavyomzuia mbu, na hiyo ni sababu ya pili ya kukitumia hata miezi ambayo mbu ni wachache. Mtoto asilazwe chini kwenye mkeka ulioegemezwa ukutani. Nyumba ikishajaa papasi, mtafuteni afisa afya awaelekeze dawa ya kupulizia kuta na sakafu. Na msafiri anayelala kwenye vibanda vya njiani akung'ute mkeka na begi lake kabla ya kurudi nao nyumbani.

Kwa kupe wa majanini, kinga huanzia kwenye nguo. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, au ndani ya buti za mpira, humlazimisha kupe kupanda kwa nje ambako ataonekana, na nguo ya rangi nyepesi humfichua mapema. Najua mtoto wa machungani hana buti. Hata soksi kuukuu na suruali moja ya kwenda porini ni bora kuliko kaptula. Tembea katikati ya njia. Ukitaka kukaa, kaa juu ya jiwe au sehemu iliyo wazi yenye jua, mbali na nyasi na mbali na pale ng'ombe hulala mchana. Fyeka nyasi zinazozunguka nyumba na zizi. Dawa ya kujipaka yenye kiambato cha DEET husaidia kwa saa kadhaa, na nguo zilizotiwa permethrini, dawa ya jamii ile ile inayotiwa kwenye vyandarua, huwaua kupe wanaozigusa. Permethrini ya nguo hubaki kwenye nguo, haipakwi mwilini.

Mbwa naye asisahauliwe. Ana kupe wake wa kahawia ambaye, tofauti na wengi, anaweza kuzaliana ndani ya nyumba, kwenye nyufa na nyuma ya mapazia. Watoto hucheza na mbwa bila kujua wanachokipokea. Mbwa akaguliwe masikioni na katikati ya vidole, atibiwe kwa dawa aliyoshauri mtaalamu wa mifugo, na asilale kitandani.

Kisha jioni. Mtu akirudi kutoka porini aoge mapema, ndani ya saa mbili ikiwezekana, maana maji na sabuni huwaondoa kupe ambao bado wanatembea. Nguo alizovaa zisitupwe juu ya kitanda. Maji ya baridi hayawaui. Zilowekwe kwenye maji ya moto sana. Halafu mwili ukaguliwe kwa taa, kuanzia kichwani. Mtu hawezi kuona nyuma ya masikio yake wala mgongo wake, kwa hiyo hii ni kazi ya watu wawili. Kwa watoto wadogo pitisha vidole kwenye nywele polepole. Kupe mchanga utamhisi kama punje ya uwele kabla ya kumwona.

Sasa tuseme umemkuta, na ameshaganda. Hapa ndipo mikono yetu huharibu.

Nilipokuwa na miaka tisa, mkubwa mmoja nyumbani alinitoa kupe nyuma ya goti kwa kijiti cha kiberiti. Alikizima, akakibandika kikiwa bado chekundu. Kupe alipasuka, ngozi ikaungua, kichwa kikabaki ndani, na kidonda kile kilinichukua wiki tatu. Yule mzee alinipenda, na alifanya alichofundishwa. Wengine hupaka mafuta ya taa, mafuta ya mgando, chumvi au tumbaku, wakisubiri kupe akose hewa aachie mwenyewe. Kupe huvuta hewa mara chache sana, hivyo anaweza kusubiri kuliko wewe, na muda wote huo mdomo wake umo ndani ya ngozi. Akisumbuliwa kwa moto au kwa sumu anaweza kumwagia mwilini mwako kile kile unachokikimbia.

Kinachotakiwa ni kibano kidogo chenye ncha nyembamba, kama kile kinachong'olea nyusi saluni. Bei yake haifiki ya kopo la dawa ya ng'ombe. Mwambie mgonjwa akae mahali penye mwanga. Tenganisha nywele au vinyweleo. Mshike kupe kwa ncha za kibano karibu kabisa na ngozi, pale mdomo unapoingia, wala usimshike tumboni, kwa sababu tumbo ni mfuko wa damu na ukiubana unairudisha damu ilikotoka. Kisha vuta juu moja kwa moja, polepole, kwa nguvu ile ile. Usizungushe, usikwanyue. Ngozi itainuka nawe kama kihema kidogo. Hapo wengi huogopa wakaachia, au hukasirika wakanyofoa. Wewe subiri ukiwa umeshikilia. Baada ya muda mfupi utasikia ameachia, wakati mwingine na kipande kidogo cha ngozi kavu mdomoni, na hiyo ndiyo gundi yake.

Kibano kikikosekana, funika vidole kwa mfuko wa plastiki au karatasi laini, bana karibu na ngozi na uvute vile vile. Mdomo ukikatikia ndani, jaribu mara moja kuutoa kwa kibano, ukigoma uache. Ngozi itausukuma nje yenyewe kama inavyofanya kwa kibanzi. Kuchimba kwa sindano au wembe huongeza kidonda tu. Osha mahali hapo na mikono yako kwa sabuni na maji mengi, au paka spiriti. Wale wadogo kama vumbi, wanaokupanda kwa makumi ukikanyaga kichaka walimoanguliwa, kama hawajaganda waondoe kwa selotepu. Aliyeingia ndani ya tundu la sikio au kushika ukingo wa jicho mwachie mganga wa kituo cha afya.

Kupe uliyemtoa mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti, mfunge ndani ya selotepu, au mtupe chooni. Usimpasue. Ninalisisitiza hili kwa sababu ya kile nilichokiona kwenye ukuta wa josho. Uko ugonjwa unaoitwa homa ya Crimea na Kongo. Jina lake la kwanza lilitokana na mlipuko uliowapata askari huko Crimea mwaka 1944; la pili lilitokana na kirusi kilichopatikana mwaka 1956 kwa mgonjwa wa Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Baadaye ikabainika kwamba ni kirusi kimoja. Uganda imekumbwa nacho mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Huanza kwa homa ya ghafla na maumivu ya misuli, kinaweza kumfikisha mgonjwa hatua ya kutokwa na damu, na kati ya wagonjwa 100 huua kuanzia 10 hadi 40. Hupatikana kwa kuumwa na kupe, kwa kumpasua kupe kwa mikono mitupu, na kwa damu ya mnyama aliyechinjwa punde. Ng'ombe mwenye kirusi hicho haonyeshi kuumwa. Anayechinja na anayechuna ngozi wavae glavu, na mchungaji asigeuze kucha zake kuwa kinu.

Andika tarehe uliyomtoa kupe, hata ukutani kwa mkaa. Kwa wiki mbili hadi nne zinazofuata, homa yoyote ihusishwe na tarehe ile mpaka itakapothibitika vinginevyo. Homa ya kupe iliyozoeleka zaidi Afrika hujitokeza kwa kawaida ndani ya siku kumi: kichwa kinauma, shingo na misuli vinauma, mtoki unavimba, na pale alipong'ata kupe panakuwa na kidonda chenye gamba jeusi kama mahali palipounguzwa na sigara. Kidonda hicho ndicho ushahidi wako. Mwonyeshe daktari, kwani nyuma ya goti au kwenye nywele hatakiona bila kuambiwa. Homa ya papasi ina tabia ya kwenda na kurudi. Hupiga siku chache, hutulia kwa muda wa kama wiki, mgonjwa akashukuru Mungu na kurudi shambani, kisha humwangusha tena.

Wengi hupotea hapa. Mtu ana homa, anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, majibu yanasema hana, anapewa dawa ya maumivu anarudi nyumbani. Kipimo kile hutafuta malaria peke yake. Kimelea cha homa ya papasi huonekana damu ikiwekwa chini ya hadubini wakati homa iko juu. Kwa hiyo omba kwa heshima: "Daktari, ninalala nyumba ya udongo, nimeumwa na papasi, naomba damu iangaliwe kwa hadubini." Ukisema hivyo umempa nusu ya majibu. Homa ya kupe na homa ya papasi zinatibika, na doksisaiklini ndiyo dawa inayotumika mara nyingi, lakini isinunuliwe duka la dawa kwa kukisia. Mjamzito huhitaji uamuzi wa daktari. Tena katika homa ya papasi, saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya na homa kupanda kwa sababu vimelea vinakufa kwa wingi. Ni salama zaidi hilo limkute akiwa chini ya uangalizi.

Jambo moja sitalizungukazunguka. Dawa ya josho isipakwe mwilini mwa mtu. Amitrazi na dawa nyingine za kuogeshea ng'ombe hupita kwenye ngozi, na kwa mtoto zinaweza kupunguza mapigo ya moyo na kumlaza usingizi wa hatari. Chupa yake ikiisha isigeuzwe ya maji ya kunywa, hata ikioshwa mara kumi.

Wasomaji wetu walioko Marekani, hasa majimbo ya kaskazini mashariki na Minnesota, wana kupe wa namna nyingine, mdogo, anayeleta ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji mmoja wa Connecticut. Kumtoa ni vile vile. Dalili yake kubwa ni wekundu unaopanuka siku hadi siku kuzunguka alipong'ata, ingawa kwenye ngozi nyeusi hauonekani wazi na unaweza kufanana na jeraha la kuvilia damu. Huko kupe aliyetolewa kabla ya saa 24 kwa kawaida hajaambukiza ugonjwa huo.

Yule shangazi wa Mpwapwa alinisikiliza nilipomweleza haya. Akamwita kijana, akamgeuza mgongo kwenye jua, akakuta wa nne nyuma ya sikio. Nilikuwa na kibano kwenye begi, nikamwachia. Nawe unayesoma, kama kwenu kuna mtoto anayetoka na mifugo asubuhi, jioni hii kabla taa haijazimwa mwite, mkalishe penye mwanga, na uanze nyuma ya masikio.